Kichwa cha Zabibu

Mwaka 1954 alikuja Mohoro daktari wa serikali, akataka kujua ni watoto wangapi wa shule wenye chawa. Wavulana walikuwa wamenyolewa vipara, hawakumpa taabu. Wasichana ndio waliokataa katakata kuguswa vichwa na dresa, msaidizi wake wa kiume. Ndipo akaitwa Semeni binti Kondo, mjane aliyewasuka wanawake wa mji mzima.

Semeni alikubali kwa sharti moja. "Jibu nitakunong'oneza wewe tu, mwanangu," alimwambia dresa. "Mtoto wa mtu asiaibishwe mbele ya wenzake." Basi kila msichana alikaa mkekani kwake, naye akampekua kwa muda uleule, mwenye chawa na asiye nao.

Wa mwisho alikuwa Zabibu, mtoto wa miaka tisa. Kichwa chake kilijaa chawa mpaka kisogoni. Semeni alimnong'oneza dresa, kisha akamwinamia mtoto.

"Mjukuu wangu, nani anakusuka nyumbani?"

"Hakuna, bibi. Tangu mama afariki sijashikwa kichwa."

Alasiri ile Semeni alikwenda kwa baba yake Zabibu kuomba ruhusa, akamchukua mtoto nyumbani kwake. Alimpaka mafuta ya nazi, akamchana taratibu, akiwaua chawa kwa ukucha huku akimsimulia vituko vya utoto wake. Zabibu akasinzia mapajani. Miguu ya Semeni ilikufa ganzi, lakini hakuisogeza.

Toka hapo Zabibu alikuja mwenyewe kila Alhamisi, hata chawa walipokwisha.