Nilimfuta Baba Mkwe Kwenye Kompyuta

Nilikosa mimi, na mtu asinitafutie sababu. Hata shetani msimsingizie, alikuwa na kazi zake.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilikuwa mtaalamu wa kompyuta katika hospitali moja ya binafsi hapa Voi. Mtaalamu! Nilikuwa limbukeni aliyevaa tai. Nilisoma Nairobi kidogo tu, nikarudi nikimwona kila mtu wa milimani mshamba, wakwe zangu wa Wundanyi wakiwa wa kwanza.

Kwenye hifadhidata ya hospitali nilikuwa nimetunga aina yangu mwenyewe ya data, yaani kiolezo cha kuandikia majina, nikaiita "jina kamili". Ilikuwa na sehemu tatu: jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la baba. Majedwali yote, la wagonjwa, la maabara, la dawa, yalitegemea aina hiyo moja.

Siku moja nikaudhika. Majina hayakuenea kwenye skrini. Mtu ametoka Mbololo na kikohozi tu, jina refu kama treni ya mizigo! Nikaamua kuifupisha ile aina, jina la baba liondoke.

Jioni nikajigamba kwa mke wangu, Grace Wakesho Mwakio.

"Kesho namfuta baba yako," nikamwambia huku nacheka.

Hakucheka. "Na binamu yangu Grace Wakesho? Si sisi wote tulipewa majina ya nyanya? Hiyo mashine yako itatujua vipi?"

"Wewe songa ugali. Kompyuta wachia wenyewe."

Wenyewe! Mimi huyo!

Kesho yake mashine ilikataa. Iliniambia waziwazi kwamba aina hiyo inatumiwa na majedwali mengine. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikailazimisha, kisha nikaiamuru iunganishe rekodi zote zenye majina yanayofanana. Skrini ikapendeza, nikaenda zangu kunywa soda.

Hazikupita wiki nyingi, Grace akaugua nimonia. Mimi nilikuwa Taveta, nawaringia watu hiyo kazi yangu. Homa ilimpanda akawa hajitambui, jirani akamkimbiza hospitalini kwetu. Muuguzi akafungua kompyuta. Onyo kwamba penisilini inamdhuru mke wangu halikuwepo tena. Rekodi iliyobaki ilikuwa ya binamu yake, ambaye dawa hiyo haimfanyi kitu. Akamdunga sindano.

Jamani! Nilipofika nilimkuta amevimba uso, pumzi anaitafuta. Yeye alipona. Mimba yetu ya kwanza haikupona.

Hakunitukana. Alifunga nguo zake akarudi kwao.

Nilimfuata Wundanyi nikiwa na sukari na majani ya chai, mjinga mimi, nikidhani hilo ni jambo la kumalizwa kwa chai. Baba mkwe alisimama mlangoni.

"Wewe nani?"

Nikataja majina yangu mawili.

"Na la baba yako?"

Nikalitaja.

"Basi rudi kwake," akasema, "akakulee upya."

Akafunga mlango. Ndani nilimsikia Grace akikohoa, na hakutoka.

Wewe unayeringia kibodi, kabla hujagusa kitu kinachobeba watu wengi, uliza kimembeba nani. Mashine ikikataa, iache. Mkeo akikuuliza swali, lijibu. Mimi siku hizi naandika majina yote matatu ya kila mgonjwa, na jioni nasonga ugali wangu mwenyewe.