Watopeni, Jeshi Langu Lisilo na Shingo

Najivunia jeshi ambalo halijawahi kuua hata nzi. Liko ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda changu, askari ishirini na wanne wa udongo, na hakuna hata mmoja mwenye shingo. Kwa mujibu wa daftari letu la mchezo, wametoka nyota nyingine. Kwa mujibu wangu mimi wametoka Kiongoroni, nilikozaliwa, huko delta ambako gari halifiki na mtoto hujua kupiga kafi kabla hajajua kusoma.

Mchezo wenyewe uliletwa Kibiti na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Ni Mmatumbi wa milimani, mtu mzima, mpole darasani na mkorofi mezani. Ni vita vya mezani: kila mchezaji ana jeshi la vinyago, anapima hatua zao kwa futi kamba, anarusha dadu kujua nani kapigwa, na kila jeshi limetoka nyota yake. Wenye uwezo huko mijini hununua vinyago vya plastiki. Sisi tulikuwa na visoda vya chupa, gundi na mlango mbovu tuliolaza juu ya madawati mawili barazani kwake. Tulikuwa watatu: yeye, mimi ninayefundisha jiografia, na jamaa mmoja mwenye duka la dawa kando ya lami, aliyekuja kututazama siku moja akashindwa kuondoka. Sheria zote na majeshi yote yaliandikwa kwenye daftari moja la jalada gumu.

Jeshi la mwalimu wa hesabu liliitwa Majabali, watu wa mawe, wazito, wenye mizinga. Mimi sikuwa na jeshi, nilikuwa naazima askari wake wa akiba. Jumapili moja baada ya swala ya adhuhuri alinichapa mpaka kinyago cha mwisho, kisha akajiegemeza ukutani akacheka.

"Dada, ninyi watu wa delta kazi yenu matope. Vita vya nchi kavu mtaviweza wapi?"

Ulikuwa utani tu. Mimi mwenyewe nimemwambia mara ngapi kwamba kwao mtu akitaka kuoga lazima aombe ruhusa ya mawingu. Lakini mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Haya," nikamwambia. "Wiki ijayo nakuja na Watopeni."

Watopeni wa kwanza walikuwa kichekesho. Nilimwagiza nahodha wa boti ya kwetu aniletee mbegu za mkoko, zile ndefu zenye ncha, nikazisimamisha juu ya visoda kwa gundi. Walipendeza kweli, kijani kibichi, warefu kuliko Majabali. Katika mchezo wetu askari mrefu huona mbali, basi siku ya kwanza nikashinda na nikatembea barabarani kama nimeolewa upya. Wiki ya tatu jua lilikuwa limeshawakausha. Walikuwa wamepungua nusu ya kimo na wamepinda migongo kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Hawakuona tena chochote mbele yao. Mwenye duka la dawa akanishauri niwape dawa ya minyoo.

Wa pili niliwatengeneza kwa magando ya kaa. Hao walitisha, nasema ukweli, na walikuwa na hadhi ya watu wa nyota ya mbali. Ila sikuwa nimewachemsha vya kutosha. Sisimizi walifika kabla ya adui, na harufu ikafuata sisimizi. Mke wa mwalimu wa hesabu alitoka ndani, akaziba pua kwa upande wa khanga, akatamka kwamba ama magando yatoke barazani kwake ama tutoke sote. Tukayatoa.

Tena hata kabla ya harufu walikuwa wanapigwa. Nilijua sababu ila sikutaka kuisema. Niliwapa mizinga kama ya Majabali, nikawapa mwendo wa Majabali, nikawaandikia hata historia inayofanana na ya Majabali. Jina lilikuwa langu, mengine yote nilikuwa nimeazima.

Likizo ilipofika nikapanda boti kwenda nyumbani. Mama yangu anavua kaa. Anaingia mikokoni na chuma kilichopindwa ncha, anasimama mbele ya shimo, anakaa kimya mpaka ajue kaa amelala upande gani, ndipo anaingiza mkono na chuma pamoja. Nilimfuata siku tatu. Siku ya nne nikachimba udongo ukingoni, nikauchanganya na majivu, nikakaa uani kufinyanga askari wapya. Mama akainama kutazama.

"Hawa nini?"

"Kaa, mama. Kaa wa nyota nyingine."

"Nyota yoyote ile," alisema, "kaa hana shingo." Akanyoosha kidole gumba, akawabonyeza mmoja mmoja vichwa vikazama mabegani. Alipomaliza walikuwa wamekuwa wapana, wa ajabu, na wa kwetu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Usiku ule ule ningeweza kuandika sheria zao, ila nilisubiri nirudi Kibiti niziandike mbele ya mashahidi. Niliwanyang'anya mizinga. Nikaandika kwamba kabla ya vita lazima watu waulize maji ya siku hiyo, maji ya kweli, yale yanayojaa na kupwa kule delta. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapopanda sana na kushuka sana, Watopeni wanatembea shibiri tatu kwa zamu moja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari inapovivia, haipandi sana wala haishuki sana, wanatembea vidole vinne tu. Aliyejichimbia shimoni, yaani ndani ya duara la chaki juu ya mlango, hapigwi kwa mbali, na ndiye anayempiga kwanza yeyote atakayemkaribia. Mwalimu wa hesabu alisoma mara mbili, akasema haya ni mapambo tu, akatia sahihi.

Tulicheza siku mbili za bamvua na mara zote mbili nilimmaliza. Hakuyaita mapambo tena.

Ndipo ikaja habari yenyewe. Mwenzake mwalimu wa hesabu, aliyesoma naye chuo, alikuwa na kundi la wachezaji Dar es Salaam, na kundi hilo lilikuwa linakusanya majeshi yaliyobuniwa huku nyumbani ili liyatie kwenye kitabu chao. Kutoka Kibiti walitaka jeshi moja tu. Huyo bwana angekuja Jumamosi kutazama pambano kati ya Majabali na Watopeni, na mshindi, yaani mwenye askari wengi baada ya zamu ya nane, ndiye angeingia kitabuni. Tukitoka sare wangeingia Majabali, kwa kuwa walitangulia daftarini. Mtu anaweza kusema ni mchezo tu. Kwangu ilikuwa hivi: ama watu nisiowajua wangecheza na kitu kilichotoka matopeni kwetu, ama kingebaki ndani ya boksi la viatu.

"Jumamosi ijayo inakufaa, dada?" mwalimu wa hesabu akaniuliza.

"Hata leo inanifaa," nikajibu.

Siku ya Ijumaa nilikwenda duka la dawa kununua gundi. Mteja mmoja aliuliza tarehe ya mwezi mwandamo, na yule jamaa akatazama kalenda ya msikiti ukutani, akamjibu kwamba kesho ni mwezi nane. Nilisimama na gundi mkononi. Mwezi nane ni nusu mwezi. Nusu mwezi ni maji mafu. Jeshi langu lingetembea vidole vinne.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Kosa hilo asingelifanya mtoto wa Kiongoroni wa miaka saba. Kule hakuna harusi inayopangwa, wala safari, wala mgonjwa kupelekwa hospitali, bila kwanza kuuliza maji. Mimi ninayechora bamvua na maji mafu ubaoni kwa chaki za rangi mbili, niliyeandika sheria kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimekubali siku bila kutazama juu. Miaka sita kando ya lami, na mwezi kwangu ulikuwa umebaki wa kufunga na kufungua tu.

Mwalimu wa hesabu aliposikia hakucheka. Alikuja nyumbani kwangu jioni, akasimama mlangoni.

"Dada, tuseme tu kesho bamvua. Mgeni atajua nini?"

"Mimi nitajua," nikamwambia.

"Basi turushe dadu, dadu ichague maji."

"Maji hayachaguliwi, mwalimu. Ahsante, lakini hapana."

Alipoondoka nilimpigia mama, nikamweleza kila kitu, na kosa langu sikulificha.

"Wewe mtoto umekuwa wa lami kabisa," akasema. "Haya. Maji yakiwa mafu kaa anatembea?"

"Hatembei."

"Anakwenda wapi?"

"Hana pa kwenda. Yuko shimoni."

"Na mimi nikimtaka nafanyaje?"

"Unamfuata."

"Sasa unalia nini?" Akakata simu.

Jumamosi mgeni alifika, bwana mtanashati mwenye begi la mgongoni, akapewa kiti na soda. Nikatangaza mwenyewe, kwa sauti, kwamba leo maji mafu. Nikapanga Watopeni wote ishirini na wanne mashimoni mwao, nikaweka mikono magotini. Zamu ya kwanza sikusogea. Ya pili sikusogea. Majabali walisogea mpaka katikati ya mlango uliokuwa meza yetu, mizinga yao ikapiga, haikupata mtu. Hapo mwalimu wa hesabu akaelewa. Akawasimamisha Majabali. Alichohitaji ni sare tu, na sare huja kwa kukaa. Zamu ya nne, ya tano, hakuna aliyesogea. Mgeni akaanza kutazama simu yake.

Lakini namjua mtani wangu.

"Mgeni," nikasema, "usishangae. Watu wa milimani wanaogopa kulowa miguu."

"Dada, nyamaza ucheze."

"Mimi nacheza. Wewe ndiye uliyeota mizizi. Au nikuletee viatu vya mvua?"

Mwenye duka la dawa alikuwa ameshaanza kutikisika mabega. "Mwalimu," akasema, "yaani mawe yanaogopa kaa?"

Ndani ya nyumba mke wake akacheka. Hicho ndicho kilichommaliza. Alijua, naapa alijua, alikuwa amepiga hesabu yote kichwani, lakini Mmatumbi gani atakubali kuchekwa na mkewe mbele ya mgeni kwa kuogopa matope? Zamu ya sita akawapeleka Majabali wote mashimoni kwangu. Watopeni walipiga kwanza, kama ilivyoandikwa. Akapoteza saba. Zamu ya saba akapoteza tisa, nami nikapoteza kumi na wawili, maana mawe yakishafika karibu ni mawe. Ya nane tulirusha dadu tumesimama sote, mgeni naye. Tulipohesabu, mimi nilibaki na kumi, yeye saba.

Alinipa mkono. "Umenishinda kwa kukaa," akasema, na sikuona kinyongo machoni mwake. Akamsogezea mgeni daftari yeye mwenyewe.

Mgeni alinakili mpaka alipofika kwenye maji, akainua kalamu. "Hapa pana shida. Sisi Dar tutajuaje ni bamvua au maji mafu?"

"Tazameni mwezi."

"Mwezi! Tunausikia redioni tu, tena wa Idi."

Nikataka kumcheka, nikakumbuka sina haki hiyo. Nikampa namba ya mama.

Mwezi mmoja baadaye mama akanipigia. Akasema kuna kijana kampigia kutoka mjini, hajasalimia, hajajitambulisha, anauliza tu leo maji gani, wana vita.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia akate, apige tena aanze na shikamoo. Watu wangu hawatoki mashimoni kwa amri ya mtu asiye na adabu."

"Akapiga?"

"Kapiga. Na wenzake wote wameniamkia mmoja mmoja."