Wikendi ya Zabibu Niliyompangia Mama

Kazi yangu ni kuwapangia watu mapumziko. Ninakaa katika ofisi ya kampuni ya utalii hapa Karatu, na kwa miaka kumi na mbili nimewaahidi wageni "uzoefu halisi usiosahaulika", ilhali mimi mwenyewe, hadi mwaka jana, safari yangu ya mbali kabisa ilikuwa Dodoma, msibani.

Mteja wetu mmoja, mjane wa Kifaransa anayekuja karibu kila mwaka kuwatazama tembo walewale, aliwahi kuugua akiwa huku, nikakaa naye hospitalini siku tatu. Mwaka jana akaamua kunishukuru. Aliniandikia kwamba amegharamia kila kitu, ndege na malazi, kwa ajili yangu na mtu mmoja nimpendaye: siku mbili katika hoteli ya kifahari iliyokuwa zamani kasri, katikati ya mashamba ya zabibu, karibu na kwake.

Mtu nimpendaye alikuwa mume wangu, dereva wa watalii. Akasema Septemba ana wageni, tena mwaka mzima anashinda akiwatazama Wazungu wakila, haoni sababu ya kuwafuata hadi kwao. Nikamgeukia mama.

Mama anaishi Oldeani. Alichuma kahawa ya watu katika mashamba makubwa ya kule tangu akiwa msichana hadi magoti yalipokataa, na sasa ana ekari zake mbili, ng'ombe mmoja na cheo cha mzee wa kanisa. Jumamosi moja nilipanda kwake na fomu ambayo hoteli ilitaka tuijaze ili itujue vizuri. Ilikuwa na kurasa tisa. Kesi ya mauaji huandikwa kwa karatasi chache zaidi.

Swali la kwanza lilihusu mito ya kulalia. Ilikuwa ya aina saba, mmoja umejazwa maganda ya ngano. Mama akasema mto ni wa kuweka kichwa, wachague wenyewe. Tukaja kwenye matibabu ya ngozi: mgeni hupakwa makapi ya zabibu mwili mzima, kisha hufungwa kwenye shuka na kuachwa hivyo. Mama akauliza kama huko hawana nguruwe wa kuyala hayo makapi. Kuhusu kuonja divai kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana, alisema anayokunywa kwenye Chakula cha Bwana inamtosha, na hiyo huja kwa kijiko.

Nikafika kwenye jambo ambalo hoteli ililiweka juu ya mengine yote, lenye picha ya watu waliovaa kofia nzuri: asubuhi moja ya kuvuna zabibu kwa mikono, bega kwa bega na wafanyakazi.

"Wanalipwa kwa ndoo au kwa siku?" mama akauliza.

"Hawa hawalipwi, mama. Ni wageni, wao ndio wanaolipa."

Aliichukua ile fomu, akaitazama picha kwa karibu, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, mimi nimechuma miaka thelathini. Andika kwamba nitakaa nitazame."

Nikaandika hivyo, kwa Kiingereza cha heshima.

Yakaja mambo ya viza. Hapo nilijiona mtaalamu. Nilikusanya barua ya mwajiri, taarifa za benki, cheti cha ndoa, nikavipanga kwa rangi. Mama alikuwa na hati ya shamba, barua ya mtendaji wa kijiji na nyingine ya mchungaji iliyomsifu kwa kuwahi ibadani. Tulikwenda Dar es Salaam tukahojiwa kila mtu peke yake. Mimi nilieleza kwa ufasaha, nikatabasamu kama ninavyotabasamu kazini. Mama aliulizwa kitu gani kitamrudisha Tanzania. Akajibu kwamba ng'ombe ana mimba.

Majibu yalirudi. Mimi nilikataliwa: ilikuwapo shaka kama ningerudi nyumbani. Mama alipewa.

Nililia chooni pale ofisini, halafu nikarudi mezani kuwaandikia watu wawili wa Lyon kwamba Tanzania inawasubiri kwa mikono miwili. Nilidhani mama atasema basi, tuache. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumbembeleza aende, huku nikiomba yasifanikiwe. Lakini aliniuliza tu huko Septemba kuna baridi kiasi gani.

Basi nikampangia. Nilimwandikia karatasi za kuonyesha uwanjani, moja kwa kila mlango: sili nyama mbichi, ninakwenda Paris, ninapokelewa na mama mwenye mvi. Nilimsindikiza hadi uwanja wa Kilimanjaro, akaingia ndani bila kugeuka nyuma, kitenge kipya begani, kama mtu anayekwenda gulioni.

Alirudi siku sita baadaye. Hotelini alilala usiku mmoja tu. Asubuhi alimshika mkono yule mjane aliyekuja kumsalimu na kuonyesha barabara kwa kidole hadi akaeleweka, wakaenda kwake. Huko, kama mjane alivyoniandikia, walikaa wanawake wawili wasio na lugha hata moja ya pamoja, wakamenya maharage, wakapeana picha za waume zao waliokufa.

"Jikoni kwake pana jua," mama aliniambia. Kuhusu Ufaransa, hakuongeza zaidi ya hapo, na mimi niliyeandaa daftari la kunukuu nililifunga.

Januari mjane aliandika tena. Anakuja Juni, lakini lodge hahitaji safari hii, atafikia Oldeani. Bosi wangu alisikitika sana kupoteza mteja, kisha akapata wazo, akanituma nimwombe mama nyumba yake iwekwe kwenye tovuti yetu, pamoja na ng'ombe.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwake wanafikia wageni wake tu, halafu akaniuliza kama Juni nitapata likizo, maana yeye na mjane watahitaji mtu wa kuwatafsiria.

Nimeomba siku nne. Bosi bado anafikiria.