Kimya Kilichopewa Sifuri

Saa tatu asubuhi. Katika chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari, dada mmoja amekaa kwenye kigoda, penseli mkononi. Mbele yake kijana ameinamia simu. Dada haitazami simu. Anamtazama kijana usoni.

"Aah! Kaniwahi mwehu huyu!" kijana anafoka.

Dada anachora kijiti daftarini. Kisha kijana ananyamaza. Dada anatupia jicho saa ya ukutani, anaandika tena.

Kazi yake ni kujaribu gemu kabla hazijatoka. Waliomwajiri ni mtu na mdogo wake, wanaotengeneza gemu wenyewe humo chumbani, bila kampuni yoyote nyuma yao. Wanamwita Taratibu, kwa kuwa chai yake hupoa akiitazama.

Gemu yao inamhusu mpiga kengele anayetafuta kengele iliyoibwa, akipigana njiani na kuzidi kuwa hodari. Mwaka jana walikuwa na mapigano ya aina mbili, wasijue washike yapi. Ya kwanza yalikuwa ya zamu: unapiga, kisha adui anapiga, na ukikawia kuchagua pigo anakungoja hata kutwa nzima. Ya pili, papo kwa papo: ukizubaa, umekwisha.

Taratibu akapewa kazi ya kuyalinganisha. Aliita watu ishirini na mmoja. Mtu akipiga kelele, akicheka au akitukana, kijiti kimoja.

"Papo kwa papo ilipata vijiti mia tatu na kumi," anasema. "Ya zamu, arobaini na kitu. Watu walikaa kimya. Nikajua wamechoka. Nikaandika: ifutwe."

Ikafutwa.

Mmoja wa wale watu alikuwa baba yake, dereva wa lori aliyestaafu baada ya kiharusi kumwachia mkono mmoja tu, wa kushoto. Baada ya majaribio aliachiwa nakala kwenye simu yake, akawa akicheza ile ya zamu kila jioni. Gemu mpya ilipokamilika, binti aliipeleka nyumbani mwenyewe, amejaa furaha, akaiweka kwenye simu ya mzee mahali pa ile ya zamani.

"Baba, nimekuletea mpya. Sasa inakimbia!"

"Inakimbilia wapi?" mzee akacheka.

Akaanza. Kidole hakijafika kwenye kitufe, mpiga kengele yuko chini. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tisa aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Nzuri, mama. Ila ni ya wenye mikono." Akamtazama binti. "Ile ya zamani ipo?"

"Imefutwa, baba."

"Basi haidhuru. Nilikuwa nimebakiza mlango mmoja niifikie kengele."

Usiku ule Taratibu alifungua daftari lake. Kwenye mstari wa baba, upande wa zamu, palikuwa na sifuri.

"Midomo yake ilikuwa inachezacheza, anapanga mapigo," anasema, sauti ikishuka. "Niliiona. Kazi yangu ni kutazama watu, nikamtazama baba yangu saa nzima nikaandika sifuri."

Alipowaeleza waajiri wake, mkubwa alimkodolea macho. "Taratibu, si wewe uliyesema tufute?"

"Ni mimi."

Mdogo wake akafukua kompyuta mbovu, akapata nakala ya zamani. Kuirudisha ili mchezaji achague mwenyewe ni kazi ya miezi minne. Wamekubali kuianza iwapo tu majaribio mapya yataonyesha kwamba watu wanaitaka.

Ndiyo maana asubuhi hii kila mchezaji anapewa zote mbili, na daftari lina safu mbili. Moja ni ya kelele. Nyingine ni ya dakika ambazo mtu hainui kichwa. Hadi sasa amepima watu tisa, na safu ya pili inajaa upande wa zamu.

Baba yake hajakubali kuja. "Hangaikeni na wengine," amemwambia. "Mimi nina redio yangu."

Jina lake ndilo la kwanza kwenye ukurasa. Mstari wake mtupu, na safari hii Taratibu hajaandika sifuri.

"Nitamngoja," anasema.