Aliyejifunika Uso Barazani

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza la Ihanja, na hadi leo najichukia kwa siku ile. Mnyaturu mwenzangu alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Katikati ya maswali alijifunika shuka usoni, akatugeuzia mgongo.

"Aibu ya mwizi hiyo!" nikafoka. "Geuka, mbwa wee!"

Hakugeuka. Nikamvua shuka kwa nguvu, nikamzaba kofi. Mtemi alipokuwa anaanza kutamka kifungo, bibi mmoja aliyeingia kwa kuchelewa akasimama.

"Nimekuja kumtolea ushahidi mkwe wangu. Ameniona, akanistahi, asinitazame usoni. Wewe karani, kwani huna mama mkwe?"

Ninaye. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemkimbia hadi ndani ya mtama wa watu.