Fundi Anayenawa Kabla ya Kazi

Fundi hagusi boneti ya mtu kabla ya kunawa. Mikono yenyewe haitakati tena, oili imeshaingia hadi kwenye mistari ya viganja, lakini hunawa tu. Kisha kila nati anayoifungua huipangusa na kuiweka kwenye trei ya mayai, kila moja na tundu lake. Bua-ngoen, mkulima wa doriani, alimtazama roho juu. Pikapu yake haijatimiza hata miaka mitatu, injini imekufa, na doriani zimeanza kuiva shambani.

Kabla ya kuing'oa injini, fundi aliliinamia shada la maua lililofungwa pale kwenye usukani kwa ajili ya Mama Mlinzi wa gari, roho anayeaminiwa kukaa ndani yake na kulilinda, akaunganisha viganja. "Tuwie radhi, Mama. Tunakuvurugia nyumba kidogo tu. Usihame."

"Wewe nawe, fundi!" Bua-ngoen akamcheka. "Kama yumo, mbona kaiacha injini ikafa?"

"Ilikuzimikia wapi, dada?"

"Getini kwangu. Ndiyo kwanza nimemaliza kushuka mlima."

"Getini, si mteremkoni," fundi alisema. Akarudi kwenye nati zake.

Siku ya tatu, injini mpya ilipokaa, alimpa ufunguo. "Washa mwenyewe." Bua-ngoen akapanda, akaushika ufunguo, akauachia. Aliunganisha viganja kwanza, akimnong'oneza Mama. Ndipo akawasha. Injini ikaitika mara moja, na fundi, bila hata kugeuka, alikuwa ameshaanza kunawa kwa ajili ya gari linalofuata.