Maharage Kabla ya Maziwa

Kuna aibu ambayo mtu anaweza kwenda nayo kaburini bila mwingine kujua, na kuna ile iliyoonwa na uwanja mzima. Yangu ni ya aina hiyo ya pili, ndiyo maana nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, kwa utaratibu wake, kuliko kuendelea kuisikia kwa watu ambao hawakuwepo na ambao kila mwaka wanaiongezea chumvi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, nami nikiwa kijana wa shule ya misheni upande wa Bugene. Sisi kwetu ni wafugaji, na aliyenigundua kuwa nina mbio hakuwa na saa mkononi wala filimbi. Alikuwa Mwalimu Filipo, mtu wa Muleba aliyetufundisha hesabu na michezo, ambaye siku moja alikuwa anapita Kanoni kwa baiskeli akaona mtamba amekata kamba na kijana anamfukuza mlima mzima mpaka akamkamata. Kijana huyo ni mimi. Kesho yake Mwalimu akaja nyumbani na shati safi, akaketi na Babu, akaniomba kwa heshima zote kama mtu aliyekuja kuposa.

Habari aliyoileta ilikuwa hii: Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa serikali, angekuja kutoka Bukoba kuchagua wakimbiaji wa Karagwe, na katika mbio za maili moja palikuwa na nafasi moja tu. Atakayeipata angechukuliwa Bukoba, akae bwenini, asome shule ya kati bila nyumbani kudaiwa kitu, afundishwe mbio na mtu anayezijua, na akiendelea vizuri huenda akafika Dar es Salaam. Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Huko shuleni mnawalisha nini?"

"Ndizi na maharage, Mzee."

"Basi ninyi mkimbizeni. Kumlisha niachieni mimi."

Hapa inabidi nieleze kidogo (anayejua anivumilie). Kwetu maziwa na maharage hayakutani tumboni siku moja. Ukila maharage unakaa mpaka kesho yake ndipo unywe maziwa, ukivunja mwiko huo unamdhuru ng'ombe aliyeyatoa, kiwele kinavimba na maziwa yanakata. Tulikuwa Wakristo tangu wakati wa baba yangu na Jumapili hatukukosa kanisani, lakini mila hiyo hakuna aliyeibatiza wala aliyeifukuza, ilikaa nasi nyumbani kama mtu wa ukoo. Basi Babu akamtenga Bihogo, ng'ombe wake bora, akampeleka kwa shangazi yangu katika kijiji cha Ndama, karibu na shule, na kila asubuhi shangazi akawa ananiletea maziwa yake katika kyanzi, kile chombo chetu cha mti kinachofukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Wenzangu wakila sahani zao, mimi nakunywa. Rafiki yangu Daudi, aliyekuwa wa pili kwa mbio shuleni, hakuacha kunitania.

"Laurenti, siku ukishinda tumpongeze nani, wewe au ng'ombe?"

"Mpongezeni ng'ombe. Mimi nitachukua shule."

Tukacheka. Tulikuwa bado tunaweza kucheka.

Asubuhi ya mashindano shangazi hakutokea. Nilisimama njiani nikitazama upande wa Ndama mpaka jua likawa kali, wenzangu wamekwisha kula, uwanja umekwisha kuchorwa kwa majivu, watu wanaanza kuingia na miavuli na watoto migongoni, nami tumbo langu tupu linazungumza peke yake. Daudi akaja na sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, mvuke bado unatoka.

"Kula, bwana. Huwezi kukimbia maili kwa upepo."

"Na maziwa yakija?"

"Yakija si utasema umekwisha kula? Kuna kesi gani hapo?"

(Nawaomba muyashike maneno hayo, maana mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo.) Nikala. Nilipomaliza nikaomba nyongeza.

Kumbe shangazi hakuja kwa sababu Babu alimkataza. Alitaka siku hiyo maziwa ayalete yeye mwenyewe. Alikuwa ameondoka kwenye ng'ombe wake, kule mbugani upande wa Kyerwa, akalala Ndama, akasimamia Bihogo akikamuliwa, kisha akaja taratibu kwa miguu yake ya uzee, amevaa kanzu yake ya kanisani, na nyuma yake wazee wenzake aliowakusanya njiani. Aliingia uwanjani wakati Bwana Shauri amekwisha kukaa kivulini. Akasalimia, akaamkiwa, akaomba ruhusa ya kumnywesha mkimbiaji wake. Bwana Shauri, ambaye Kiswahili alikijua, akasema, "Vizuri, Mzee, na sisi tuone."

Nikaitwa mbele. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nimechelewa, mjukuu wangu. Miguu si yako hii." Akanikabidhi kyanzi kwa mikono miwili. "Kunywa ukawaoneshe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kwetu si aibu kukataa maziwa kama umekula maharage, aibu ni kuyapokea. Lakini wazee walikuwa wamesimama, mmoja wao akaanza kumsifia Bihogo kwa majigambo yale ya wachungaji, watu wakapiga makofi, na mimi nikawaza kwamba nikifungua mdomo nitawaambia wote hawa kuwa mzee ametembea bure. Nikaona afadhali ninywe. Nikanywa, na kwa kuwa alikuwa ananitazama, nikanywa mpaka tone la mwisho.

Sasa sikilizeni mpango wa mbio zenyewe. Mwalimu Filipo alikuwa amemwambia Daudi, "Wewe usifikiri. Ganda mgongoni kwa Laurenti, aendako uende, mpaka kona ya mwisho. Hapo kila mtu na roho yake." Tulikuwa vijana kutoka shule kadhaa, na kati yetu Eliya, mtoto wa mfanyabiashara Mhaya mwenye duka pale Kayanga, kijana mpole ambaye mazoezini nilizoea kumwacha nyuma sana.

Filimbi ikalia, nikaondoka vizuri. Nasema hivi bila kujisifu, mzunguko wa kwanza nilikuwa kama siko chini, watu wananiita kwa jina, na nyuma yangu nasikia pumzi za Daudi. Mzunguko uliofuata tumbo likaanza kugeuka. Nikajikaza. Mbele ya kile kivuli cha wakubwa ndipo nilipohisi kitu kimepanda mpaka kooni, nikamwona Babu amesimama, ameegemea fimbo yake, na nikajua jambo moja tu, kwamba nikitapika hapa ataona ndani ya maziwa yake kuna nini. Upande wa kulia palikuwa na shamba la kahawa. Nikaruka mstari wa majivu, nikaingia kwenye kahawa.

Na Daudi akaingia nyuma yangu.

Nilisikia watu wakicheka. "Hao wanakwenda wapi? Kuchuma kahawa?" Mwingine akajibu, "Labda Bukoba kuna njia ya mkato." Mimi nimeinama nimeshika shina, ninatoa kila kitu, na Daudi amesimama kando anahema, ananitazama, kisha anatazama uwanjani ambako Eliya alikuwa anapita peke yake kwa mwendo wake uleule.

"Laurenti," akasema, "mbona hukuniambia?"

Alikimbia kurudi. Msimamizi akamwonesha kwa mkono kwamba atoke, amekwisha kuvuka mstari. Mwalimu Filipo alikwenda kivulini na kofia mkononi, akaomba wawili wale wakimbizwe tena hata kesho. Bwana Shauri hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, nikirudia kwa hawa, yule aliyefuata mstari nimwambie nini?" Mwalimu akavaa kofia yake, akarudi.

Babu alinikuta bado nimechuchumaa. Alitazama chini. Maharage yalikuwa mazima kabisa, meupe kwa maziwa, mtoto mdogo angeyahesabu. Akang'oa majani, akayafunika polepole, kama anavyofunika mtu kitu cha msiba.

"Ulikula lini?"

"Asubuhi, Babu. Niliona hayaji."

"Sikuulizi kwa nini ulikula. Mwenye njaa hula. Ungeniambia, ningeyanywa mimi. Na mmoja wenu, wewe au mwenzako, angekwenda."

Bihogo alirudishwa nyumbani, na mpaka wazee walipomaliza mambo yao ya kuondoa mwiko maziwa yake yalimwagwa. Hapo ndipo nilipopata kujua kwa mama kwamba wakati wote nilipokuwa nakunywa, wadogo zangu walikuwa wanakunywa uji mtupu, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa waliambiwa kaka yao anakwenda Bukoba. Daudi aliacha shule mwaka uleule. Hakuwahi kunitukana, ila alipokutana nami njiani alisalimia na kupita.

Lakini Babu alikuwa amempa Mwalimu neno lake kwamba mkimbiaji wa Karagwe atalishwa na yeye, na hakulirudisha. Akamtenga ng'ombe mwingine kwa ajili ya Eliya, mpaka siku lori lilipomchukua kwenda Bukoba. Wa kuyapeleka maziwa akanichagua mimi. Nilipita nayo kichwani mbele ya maduka yote ya Kayanga, na watu walikuwa wanajua ni maziwa ya nani na kwa nini ninayabeba.

Asubuhi ya kwanza Eliya alinipokea mlangoni kwa baba yake. Akakitazama kyanzi, akaona haya kidogo.

"Kaka Laurenti, shukrani kwa Mzee. Ila mimi nimekwisha kula maharage. Inakuwaje?"

"Leo usinywe," nikasema. "Nitaleta kesho."

"Basi kesho sitakula."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikarudi na chombo kimejaa, nikamweleza Babu, akasema vema, akakaa kitini akayanywa yeye. Nilisimama pale nikimtazama akinywa, na nikaapa kimoyomoyo kwamba sitapokea tena kitu kwa mikono ya mtu kabla sijamwambia kilichomo tumboni mwangu. Kiapo hicho nimekitunza. Eliya alikwenda Bukoba, na mwendo wake ule wa polepole, nasikia, walimfundisha ukaongezeka.